Kinachoungua Kwenye Mshumaa

Sikio langu la kushoto ni pambo tu. Linavaa hereni na kuzuia mtandio usiteleze, basi, kusikia halisikii. Lilipasuliwa kwa kofi moja na mwalimu wa kemia nilipokuwa kidato cha pili Korogwe, na tangu siku ile hadi mwaka huu nilikuwa nataka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu yule: aniambie samahani. Sikutaka afukuzwe kazi wala afungwe. Neno moja tu. Hata kama angelisema kwa kunung'unika huku anatazama pembeni, ningelipokea.

Jina lake silitaji, na sisi wenyewe hatukulitumia. Aliitwa Mwalimu, kana kwamba wale wengine kumi na kitu pale shuleni walikuwa wapita njia. Ukisikia mtu anasema Mwalimu anakuja, kwa ile sauti ya chini ya kukatika pumzi, ulijua ni yeye, ukaanza kujikagua shati, soksi, kucha na kazi ya jana. Alikuwa mfupi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, na alitembea upesi kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Nianze na vidole vyake, maana tuliviogopa kuliko fimbo. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa vyeusi nchani na vigumu kama kisigino. Mshumaa hakuupuliza hata siku moja. Alivilowesha vidole hivyo mdomoni, akaubana utambi, ukasikika mlio mdogo, tss, na moto umekwisha. Sasa kilichotutisha ni hiki: Mwalimu hakumpiga mtu mbele ya moto unaowaka. Sheria hiyo sijui aliitoa wapi, lakini darasani hakuivunja. Ukimkasirisha wakati mshumaa unawaka mezani, kwanza aliuzima, taratibu, bila hata kukutazama, ndipo akageuka. Kwa hiyo darasa zima tulikuwa tukitazama vidole. Vikienda mdomoni, kuna mtu wa kuumia.

Na alipiga, jamani. Wapo walimu wanaopiga kwa sababu wamechoka, na wapo wanaopiga ili waonekane. Yeye alipiga kama anapigilia msumari, anatazama anapolenga. Ulinyoosha mkono, kiganja juu. Aliyekuwa mzoefu alikikunja kidole gumba ndani kabla fimbo haijashuka, maana ikikutana na gumba usiku hulali. Kidato cha kwanza ungewajua kwa magumba yaliyovimba. Ukishapigwa ulisema, "Asante, mwalimu," kwa sauti ya kusikika, la sivyo unaongezewa. Kuna mvulana mmoja wa darasa letu alipigwa mpaka akajikojolea. Akasema asante mwalimu, akaenda kuchukua tambara, akapiga deki mwenyewe mbele yetu sote, na Mwalimu akaendelea na somo pale alipoachia.

Watu hawapendi mtu awe mkali bure, wanamtafutia sababu. Shuleni ilivuma kwamba Mwalimu alikuwa na mtoto aliyeungulia ndani ya nyumba Handeni, ndiyo maana ana wazimu wa moto. Tuliambiana hadithi hiyo bwenini kwa huruma kubwa, wengine walilia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mkewe. Alicheka mpaka akashika ubavu. Watoto wao wanne wote wazima, hakuna aliyewahi kuungua hata na chai. Alikuwa mkali tu. Tukakosa hata kisingizio cha kumhurumia.

Lakini mtu huyo huyo, msichana mmoja alipozidiwa na malaria na gari la shule bovu, alimbeba mgongoni hadi hospitali, na njia nzima alikuwa akimgombeza kwa nini hakusema mapema. Akamlaza, akamsubiri mpaka alipowekewa dripu, akarudi kwa miguu kufundisha kipindi cha mwisho, mgongo wa shati umelowa matapishi. Siku hiyo hakumpiga mtu, nadhani alisahau.

Mishumaa alinunua mwenyewe, kwenye duka la Mhindi mmoja mjini, karibu na stendi. Niliwahi kumkuta pale Jumamosi. Alikuwa akiitoa mmoja mmoja kwenye pakiti, anainusa, anaipima kwa kucha kama nta ni laini au ngumu, na mzee wa duka amemwachia kaunta nzima, anamtazama kwa subira kama anavyotazamwa mteja wa dhahabu. Alipochagua mitatu aliyoipenda aliifunga kwenye gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho.

Na akiwa na mshumaa uliowashwa, mtu yule alikuwa mwingine kabisa. Sauti ilishuka. Mikono ile ya kupigia ilitulia. Tulikuwa hamsini na kitu darasani, na alitufanya tutazame mshumaa mmoja vipindi viwili mfululizo, kimya, tuandike tunachokiona. Ukiandika ulichokariri kitabuni alikirarua. Neno lake lilikuwa usiniambie unachojua, niambie unachoona, na lingine lilikuwa fupi zaidi: tazama tena. Tulitazama tena. Mtu unadhani mwali wa mshumaa ni kitu kimoja cha njano, kumbe chini kabisa kuna bluu nyembamba, katikati karibu na utambi kuna giza, na huo unjano unaotupa mwanga ni masizi tu, vumbi dogo sana la makaa lililopata moto mpaka likang'aa. Alichukua kijiko baridi akakipitisha kwenye unjano, kikatoka cheusi tii, akatuonyesha kama mtu aliyekamata mwizi.

Kisha alikata karatasi nyeupe, akaishusha bapa katikati ya mwali kwa kufumba na kufumbua, akaitoa kabla haijashika. Juu yake palikuwa na pete ya kahawia, na katikati ya pete karatasi nyeupe, safi. Mwali ni mtupu ndani, alituambia. Moto uko ukingoni tu, pale mvuke unapokutana na hewa. Mimi karatasi ile niliiomba, akanipa. Nilikaa nayo ndani ya daftari mpaka siku nilipoichana.

Kilichotupendeza zaidi kilikuwa mchezo wa moshi. Aliuzima mshumaa kwa vidole, ule uzi wa moshi mweupe ukapanda, naye akawasha kiberiti akakishika juu, kwenye moshi, mbali na utambi, kiasi cha upana wa kiganja. Mwali ukashuka kwenye moshi kama mtu anayeshuka ngazi, ukaukalia utambi. Darasa likaguna. Akaurudia mara tano, sita, anacheka, meno yote nje, na sisi tulipiga makofi kwa mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amewachapa watu wanane. Sijui tulikuwa watu wa namna gani.

Siku yangu ilikuwa Jumanne, baada ya uji. Aliuwasha mshumaa, akauliza swali aliloliuliza kila mwaka: kinachoungua ni nini? Akanielekezea kidole. Jibu alilolitaka nilikuwa nalijua, kidato cha tatu walishatudokeza. Nta inayeyuka, inapanda kwenye utambi, inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Lakini yeye ndiye aliyetuambia tuseme tunachoona, na mimi kuungua kwa mvuke sikukuona. Niliona utambi mweusi umepinda, ncha yake nyekundu imechungulia nje ya mwali, na ncha ile ilikuwa ikigeuka jivu na kudondoka. Nikasema, utambi. Akasema, tazama tena. Nikatazama, nikamwambia, "Utambi, Mwalimu. Nauona unapungua." Darasa likacheka. Nadhani ni kicheko kile, si jibu langu. Vidole vikaenda mdomoni.

Harufu ya mshumaa uliozimwa ilinifikia kabla ya kofi. Sikuanguka. Nilisikia kitu kimechanika ndani ya kichwa, kama kitambaa kipya dukani, kisha uvuguvugu ukashuka shingoni, nikadhani ni jasho, kumbe damu. Chumba kikainama. Nami nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili nikasema, asante mwalimu. Nilisema! Hilo linaniuma kuliko sikio lenyewe.

Sikumwambia mtu. Mama yangu alikuwa mama lishe Mkata, kule barabarani mabasi yanaposimama, na alishanitamkia wazi kwamba nikileta matata shuleni nitarudi kushika mwiko. Nilimwambia maji yameniingia sikioni nikioga. Sikio likatoa usaha mwezi mzima, likapona kwa nje, kwa ndani likafa. Nikahamia dawati la mbele, pembeni kabisa upande wa kushoto, ili sikio zima limwelekee anayefundisha, na yeye, alivyo, akadhani nimekolewa na kemia. Akaanza kunisifu mbele ya wenzangu. Nilimchukia mpaka nikawa siwezi kumeza chakula akipita karibu.

Chuki yangu aliivuruga siku tuliyokwenda Mazinde. Alitupeleka kwenye mashamba ya mkonge tukaone jinsi jani bichi la mkonge linavyogoma kuwaka na lililokauka linavyolipuka. Huko mbele mtu alikuwa anachoma shamba lake kujiandaa na mvua, upepo ukageuka, moto ukaingia kwenye nyasi ndefu ukatujia. Tukakimbia kufuata upepo, kama kila mtu anavyokimbia. Mwalimu akatuzunguka mbele na fimbo. Alitupiga usoni, miguuni, popote, aliturudisha kule kule kwenye moto kama mtu anayeswaga ng'ombe, wasichana wanapiga mayowe, mpaka pale nyasi zilipokuwa fupi na mwali umefika magotini tu. Hapo akatusukuma, mmoja mmoja, tukaruka upande wa pili, kwenye ardhi nyeusi iliyokwisha kuungua. Tulisimama juu ya majivu, soli za viatu zinanuka, tukautazama moto ukipita juu ya mahali tulipokuwa tunakimbilia. Wote wazima. Nilikuwa na alama tatu za fimbo mapajani, na nikamchukia zaidi, kwa kuwa sasa ilinibidi pia nimshukuru.

Somo lake moja la nje ya darasa ndilo lililokuja kunifuata mpaka utu uzima. Alikunja bati refu likawa kama mfereji, akaliinamisha, upande wa juu kwenye kigoda, wa chini ardhini. Chini akaweka mshumaa unaowaka. Juu akaweka kitambaa, akakidondoshea petroli kiasi cha kifuniko kimoja cha soda, akatuamuru turudi nyuma ya mstari alioupiga kwa fimbo. Tukangoja. Hapakuwa na cha kuona. Mshumaa chini, kitambaa juu, kati yao bati tupu na hewa tupu. Mara mwali ukaruka kutoka kwenye mshumaa, ukapanda bati lote kwa mkupuo kama mjusi, ukakilipua kile kitambaa. Alimwaga mchanga, akatugeukia. Akasema mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji, hauna rangi, na hauna haja ya kusubiri moto uje, wenyewe unaufuata. Kisha akatuuliza mmoja mmoja, hamsini na kitu, mpaka kila kinywa kilipolisema hilo.

Kidato cha nne nilifeli. Nikarudi Mkata nikashika mwiko, kama mama alivyotabiri, na mama alipofariki kibanda kikawa changu. Ni cha mwisho kwenye mstari wa vibanda, pale ardhi inapolala chini ya barabara.

Mchana mmoja wa kiangazi lori la petroli lilikosa kona, likalala ubavu kwenye mtaro juu yetu. Dereva tulimtoa. Hilo tulilifanya kama binadamu, tukampakia kwenye gari lililopita aende hospitali. Kisha tukayarudia mafuta. Yalikuwa yakimwagika kwa sauti ya bomba lililopasuka, na watu walitoka na madumu, ndoo, masufuria, na mwanamke mmoja alileta beseni la kumwogeshea mtoto. Watu walikuwa wanacheka, wanaitana, kama siku ya harusi. Mimi nilikuwa na dumu la njano. Jiko langu la mkaa nilikuwa nimeliacha likiwaka chini ya sufuria ya maharage, hatua kama thelathini kutoka mtaroni, upande wa chini.

Nilijua. Nalisema hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema. Wenzangu wale hawakufundishwa na mtu, lakini mimi nililiona bati kwa macho yangu. Nilipoinama kuchota, mvuke ulinipanda puani mpaka machozi yakanitoka, nikalikumbuka bati, nikamkumbuka na mwenye bati, na moyoni nikasema nijaze hili moja tu.

Basi lililotoka Dar lilikuwa limezuiwa nyuma ya lori, abiria wameshuka. Mayowe yalianza upande ule. Mzee mmoja mfupi mwenye kofia alikuwa ameingia katikati ya watu na fimbo ya kutembelea, na anapiga. Hakuwa anatishia. Alipiga migongo, vichwa, mikono iliyoshika ndoo. Yule mwanamke wa beseni alipigwa shingoni akaanguka ndani ya mafuta. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amechomeka sigara juu ya sikio, haijawashwa, na kiberiti mkononi, alipigwa kifundo cha mkono mpaka mfupa ukalia, tukausikia wote. Kisha yule mzee akainua macho akatazama chini ya mtaro, akaliona jiko langu.

Alikimbia, mzee yule, akanipita bila kunitambua. Nami nikamfuata kwa sababu ya maharage yangu. Aliipiga sufuria teke, mchuzi unaochemka ukamrukia mguuni, hakulia. Akanyakua ndoo yangu ya maji ya kuoshea vyombo, akaimwaga yote juu ya makaa. Jiko likalia, tss, moshi mweupe ukapanda, na mimi nikamtambua kwa mlio ule kabla sijamtazama uso.

Mwiko wangu ni ule mkubwa wa kusongea ugali wa watu arobaini. Niliuokota matopeni, nikauinua kwa mikono miwili, nikampiga nao kichwani upande wa kushoto, sikioni. Nililenga.

Alipoyumba ndipo wengine walipoona kwamba kumbe anapigika. Mpaka hapo walikuwa wakimkwepa tu, hata wasiomjua, kwa namna mtu anavyomkwepa mwalimu. Sasa wakamshukia. Walimpiga kwa madumu, kwa mateke, kwa fimbo yake mwenyewe. Meno mawili yalitoka pale pale miguuni pangu. Mtu alikuja na spana ya magurudumu, wakauvunja mguu ule ule uliokwisha kuungua, mara mbili, juu ya goti na chini ya goti, na kila mara ulitoa mlio wake. Midomo yake ilikuwa inakwenda, alikuwa anasema kitu, wala hakuwa anaomba, maana mkono wake ulikuwa unaonyesha vibanda vingine, majiko mengine. Watu wakageuka kutazama anakoonyesha, na wenye vibanda wakamwagia maji mioto yao haraka haraka, wengine huku wakimtukana.

Polisi walifika, wakatutawanya, wakafunga kamba, mchanga ukamwagwa. Hakuna kilichowaka. Na hapo ndipo ubaya ulipo. Kungewaka, Mkata nzima ingemkumbuka kama mtu aliyetuonya. Hakukuwaka, basi hadi leo wanasimulia habari za mzee mwehu aliyewavunja watu mikono na kuwanyima riziki ya siku moja. Wanauliza, mbona haikuwaka? Wanauliza wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yangu, mbele ya jiko lile lile, wanakula, na mimi nawaongezea mchuzi. Polisi nao waliuliza nani alianza kumpiga. Hakuna aliyeona. Mimi pia nilisema sikuona.

Miaka miwili nilipika hivyo. Kila nikizima jiko kwa maji nilisikia mlio ule kwa sikio zima, na kwa hili bovu pia, sijui ulipenyea wapi. Mwishoni nikapanda basi kwenda Korogwe na kilo mbili za sukari na pakiti ya mishumaa, nikijidanganya kwamba nakwenda kudai samahani yangu.

Nilimkuta kwake Masuguru, asubuhi, uani, amekaa kwenye kiti cha mbao na mguu ameuegemeza juu ya kingine. Mguu ulikuwa umeungwa vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Fimbo iliegemea ukuta, ile ile, ilirudi naye kutoka Mkata. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia nilikuwa mwanafunzi wake, wa dawati la mbele kushoto. Akanikodolea macho kidogo.

"Yule aliyesema utambi," akasema.

Jibu langu alilikumbuka. Nikangoja kuona kama atakumbuka na kilichofuata. Badala yake aliichukua pakiti, akaifungua, akanusa mshumaa mmoja, akaukwangua kwa ukucha, akauwasha papo hapo mchana kweupe, akausimamisha juu ya kigoda kati yetu. Mimi nilikuwa nimekaa nimemwekea sikio bovu, kwa makusudi, ili nisilazimike kusikia kila kitu. Alipoongea nikawa nageuza shingo kushika maneno. Akachukizwa, alivyo, akauliza nageuza shingo nini. Nikamwambia sikio hili halisikii. Akauliza tangu lini.

"Tangu siku ya utambi, Mwalimu."

Hakujua. Wallahi hakujua. Miaka yote ile nilikuwa nikimbeba mtu ambaye hana habari. Aliutazama mshumaa, uso umemshuka. Kisha vidole viwili vikaenda mdomoni.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nimewahi kumfukuza mlevi na kisu. Lakini vidole vile vilipogusa utambi na mlio ule ukasikika, kiwiko changu kilipanda chenyewe kufunika uso. Alikiona kiwiko changu. Akanyoosha mkono ukutani, akaitwaa fimbo, akaiweka mapajani pangu. Kisha akakinyoosha kiganja chake mbele yangu, juu, na macho akayafumba. Kidole gumba alikuwa amekikunja ndani.

"Piga," akasema.

Lile gumba lilinitoa machozi. Siri ile ilikuwa yetu sisi tuliopigwa, na hakuna mwalimu tuliyewahi kumfundisha. Nikamwambia, "Nilishapiga, Mwalimu. Kule Mkata. Mwiko wa kwanza ulikuwa wangu. Na jiko lilikuwa langu, na nilikuwa najua."

Kiganja hakikushuka. Nilidhani atanifukuza, au atamwita mkewe. Akakaa hivyo, macho kafumba.

"Huo ulikuwa wa Mkata," akasema. "Huu ni wa sikio."

Nikapiga. Sikupiga kwa huruma, wala sitaki mtu adhani nilipiga kwa huruma. Mstari mwekundu ukajitokeza kwenye kiganja kile chembamba, na ndani ya nyumba mkewe akaacha kuosha vyombo.

"Asante, mwalimu," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Fimbo ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, na nilipoinuka alikuwa ameshauwasha mshumaa tena kwa mkono ule uliopigwa, anautazama kwa karibu, na midomo yake inakwenda. Alikuwa anasema kitu upande wangu wa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka kumsikia. Nikasimama, nikakihamisha kiti changu, nikakizungusha mpaka upande wake wa pili, nikakaa nimemwekea sikio la kulia. Nikamwambia aseme tena.

Akainyooshea kidole ncha nyekundu ya utambi, pale ilipochungulia nje ya mwali.

"Utambi nao unaungua," akasema. "Kidogo, lakini unaungua. Nilijua hata siku ile."